Mkunga Aliyeshika Zamu

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Wachoraji wa ramani walitakiwa kwanza waombe kibali cha kuuona mpaka, wakaomba, na mpaka leo wanajibiwa kwamba barua yao inashughulikiwa. Wenyeji waliiita Jamhuri ya Makofi. Katiba haikufafanua kama makofi hayo ni ya kiganja kwa kiganja au ya kiganja kwa shavu, na wanasheria walioulizwa walijibu kwa unyenyekevu kwamba yote mawili yalikusudiwa.

Katika jamhuri hiyo watu hawakutawaliwa kwa sheria, kama mataifa yaliyochelewa kuendelea. Walitawaliwa kwa karata. Mwasisi wa taifa alipotoka msituni na bunduki yake, wazee wakamuuliza nchi iendeshwe vipi, alitia mkono mfukoni akatoa kijitabu cha kanuni za mchezo wa karata za mazingaombwe, kwa kuwa ndicho kitabu pekee alichowahi kukisoma hadi mwisho. Tangu siku ile, Serikali ikitaka jambo liwe, hutamka karata. Ikitaka kuondoa kitu mahali, hutamka Hamisha. Ikitaka kitu kiwe kingine, hutamka Geuza. Ikitaka kumshika mtu, hutamka Kamata, na karata hiyo ndiyo iliyokuwa imechakaa pembe zote nne.

Hata hivyo mwasisi alikuwa mtu wa haki. Kanuni zake zilisema kwamba karata ikitamkwa haifanyi kazi papo hapo. Lazima kwanza lifunguliwe dirisha, na dirisha likiwa wazi raia yeyote ana haki ya kujibu. Ndiyo maana kila aliyetimiza miaka kumi na minane alipewa karata moja ya Zuia, aitumie mara moja tu maishani mwake. Wengi waliiweka pamoja na cheti cha ndoa, vikachakaa pamoja.

Bi Sikujua aliiweka yake ndani ya kopo la dawa lililokwisha, juu ya kabati la zahanati ya kata ya Mfereji Mkavu, alikokuwa mkunga kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya chini. Nusu ya wakazi wa kata ile waliingia duniani wakipokewa na yeye. Wanawake walimsifu kwa jambo moja: alijua wakati. Wakunga wengine huwaambia wazazi wasukume tangu mwanzo mpaka nguvu ziwaishie. Yeye alikaa kimya, mkono juu ya tumbo, akasema "bado" na "bado" tena, kisha akasema "sasa" mara moja, na mtoto akaja.

Mambo yalianza kwa vitanda. Zahanati ilikuwa na vitanda sita vya chuma. Jumatatu moja zikaja habari kwamba Ikulu itakuwa na wageni wengi na vitanda hivyo vinatakiwa. Bi Sikujua alishusha kopo lake, akaipangusa karata, akaenda Ofisi ya Karata ya kata. Alimkuta karani, Bwana Pazi, kijana wa tai nyembamba ambaye mama yake alizalishwa na Bi Sikujua mwenyewe.

"Nimekuja kuzuia Hamisha ya vitanda vyangu," alisema.

"Imetamkwa lini, mama?"

"Bado haijatamkwa. Nasikia itatamkwa."

Bwana Pazi aliiweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Mama yangu, huwezi kujibu kisichosemwa. Mtu akijibu kabla hajaulizwa anaitwaje?"

"Mwenye haraka."

"Mgonjwa wa akili. Rudi ikishatamkwa."

Kesho yake alirudi alfajiri, ofisi haijafunguliwa. Ilipofunguliwa, tangazo lilikuwa limeshabandikwa ukutani, gundi yake bado mbichi. Karata ya Hamisha, lilisema, ilitamkwa jana saa tatu asubuhi na kukamilika jana saa tatu asubuhi.

"Mimi saa tatu nilikuwa nimesimama hapa mbele yako," alisema Bi Sikujua.

"Nakumbuka, mama. Ulikuja mapema mno. Sasa umechelewa. Karata ikishakamilika haina jibu. Anayezuia mvua ya jana anaitwaje?"

"Na hilo dirisha lilifunguliwa lini?"

"Katikati."

"Katikati ya saa tatu na saa tatu?"

"Hapo hapo," alisema Bwana Pazi kwa upole. "Lilikuwa wazi kwa raia wote bila ubaguzi."

Vitanda viliondoka siku hiyo hiyo kwenye lori lililoandikwa "Huduma Karibu na Wananchi". Wanawake wakaanza kuzalia mkekani, juu ya saruji. Wiki ya pili akaja Zawena, mke wa fundi viatu, mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa upande. Bi Sikujua alipiga magoti tangu asubuhi mpaka alasiri. Kitanda cha uzazi kina mahali pa kuinulia miguu na mahali pa kuinamishia kichwa, mkeka hauna. Damu ilipoanza kumwagika, walimbeba kwenye machela ya khanga mpaka barabara kuu, na kutoka hapo mpaka hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa nne. Zawena alirudi baada ya siku kumi. Alirudi peke yake. Hakumlaumu mtu. Aliuleta mkeka wa zahanati aliokuwa ameondoka nao, ameufua na kuukunja, akauweka mlangoni akaenda zake. Siku hiyo Bi Sikujua hakula.

Mwezi haukupita, ikaja habari ya pili, na hii ililetwa na gari la vipaza sauti. Jumamosi ijayo Mchezaji Mkuu wa Taifa, Mtukufu Makame Ngurumo, angefika mwenyewe Mfereji Mkavu kutamka karata ya Geuza. Zahanati ingegeuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Sindano. Wanahistoria wa Serikali walikuwa wamegundua kwamba Mtukufu, akiwa na umri wa miaka mitatu, alichanjwa katika zahanati ile ile na hakulia. Tukio hilo sasa lilikuwa likifundishwa shule za msingi. Bi Sikujua alilitafuta daftari la chanjo la mwaka huo, akalikuta chini ya maboksi ya pamba. Mbele ya jina la Makame mwana wa Ngurumo, mganga wa zamani alikuwa ameandika neno moja: "Ameng'ata."

Alilirudisha daftari mahali pake. Kisha akashusha kopo, akaichukua karata, na badala ya kwenda ofisini alikwenda sokoni kwa fundi miavuli.

Fundi huyo aliitwa Tawakali. Zamani alikuwa mwamuzi wa karata, na kazi ya mwamuzi ni kuuliza "Kuna jibu?" karata ikishatamkwa, asubiri, ndipo apige kengele ya kuikamilisha. Alifukuzwa kwa kosa la kuuliza kwa sauti. Aliijibu karata iliyomfukuza kwa Zuia yake mwenyewe, akaambiwa dirisha limefungwa sasa hivi. Tangu hapo alikuwa akishona miavuli ya watu, na kwa kuwa mvua ilikuwa adimu, alikuwa na nafasi ya kuzungumza.

"Bado, imeshapita, bado, imeshapita," alisema Bi Sikujua. "Ndugu yangu, mimi ni mkunga. Kati ya bado na imeshapita lazima pawepo sasa. Iko wapi?"

Tawakali aliiweka sindano chini. "Ipo. Hawajaifuta, kwa sababu wakiifuta karata zote hazina nguvu. Wameificha tu. Umewahi kumsikia Mwamuzi Mkuu redioni? Ana kikohozi."

"Namsikia. Watu wanasema ana kifua kibovu."

"Kifua chake ni kizima kuliko chako. Kile kikohozi ndilo swali. Kwanza walikuwa wanasema 'Kuna jibu?' Baadaye wakawa wanasema 'Una jibu?' Halafu 'Jibu?' Sasa imebaki 'Kh'. Kisheria ameuliza. Ukimsikia amekohoa, dirisha liko wazi. Akigonga kengele, limefungwa. Kati yake ni pumzi tatu."

"Katika pumzi tatu si mtu angetokea tu akainua karata?"

"Ainue kwa mkono gani? Umesahau unafanya nini Mtukufu anapomaliza kutamka?"

Bi Sikujua alifikiri. "Napiga makofi."

"Wewe na taifa zima. Kuna idara nzima inayohakikisha hilo. Kikohozi kinaingia makofi yakiwa yamepamba moto. Hakuna anayekisikia, na mikono yote ina kazi."

Mteja alikuja kuchukua mwavuli wake, akaenda.

"Nikizuia," alisema Bi Sikujua, "wao watafanya nini?"

"Watazuia zuio lako. Wao Zuia wanazo boksi zima. Na kwenye rundo la karata, ya juu ndiyo inayoanza kufanya kazi. Aliyekuja mwisho anahudumiwa kwanza, kama wakubwa hospitalini. Ya kwao itaiua ya kwako, kisha Geuza itapita."

"Basi nimeshindwa kabla sijaondoka nyumbani."

"Sikiliza vizuri." Tawakali alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Wakishacheza ya kwao, kabla haijafanya kazi, zamu inarudi kwako. Mwamuzi lazima akuulize, unajibu au unapisha. Hata kama huna karata lazima akuulize. Na mpaka useme neno 'napisha', hakuna karata itakayokamilika wala nyingine itakayotamkwa. Kila mtu hupisha kwa kuwa hana la kujibu. Lakini kanuni haisemi upishe upesi. Zamani ilisema. Kulikuwa na kikomo cha dakika moja. Kisha Mtukufu akashikwa na usingizi akiwa na zamu mkononi, kwenye kikao cha Baraza, akalala siku mbili na nusu. Bunge likaketi likathibitisha kwamba alikuwa anafikiri. Wakaandika: mwenye zamu atafikiri kadiri apendavyo. Waliandika 'mwenye zamu'. Hawakuandika 'Mtukufu'. Hawakuwaza kwamba zamu inaweza kushikwa na mtu mwingine."

Jumamosi uwanja wa Mfereji Mkavu ulijaa tangu saa moja asubuhi. Watu waliletwa kata kwa kata, wakapangwa safu kwa safu. Mkufunzi wa Makofi wa Mkoa aliwapitisha katika mazoezi: makofi yanaanza kwenye silabi ya mwisho ya karata, yanapanda, yanakaa juu, yanaisha kengele ikilia. Mzee mmoja aliyekuwa na mkono mmoja aliulizwa kwa nini hapigi. Alipoonyesha, aliambiwa ashirikiane na jirani.

Bi Sikujua alisimama safu ya tatu, ndoo yake tupu imepinduliwa miguuni, karata ndani ya khanga. Aliwaona waliokuja: wanawake watano wenye mimba aliowajua miezi yao, Bwana Pazi na tai yake, na mbali kidogo, karibu na uzio, Zawena.

Mtukufu Ngurumo alipanda jukwaani akazungumza kwa saa mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna sindano na sindano. Zipo sindano za kushonea. Zipo sindano za kudungia. Lakini ipo sindano moja tu iliyodunga historia, na historia haikulia." Makofi. "Wapo watakaouliza, wagonjwa waende wapi. Nami nawauliza hao, tulipokuwa tunatawaliwa na wageni, wagonjwa walikwenda wapi?" Hakuna aliyejua, kwa hiyo wakapiga makofi. "Zahanati humtibu mgonjwa mmoja mmoja. Makumbusho hulitibu taifa zima kwa pamoja, tena bila foleni."

Kisha aliinyanyua karata, yenye kingo za dhahabu. "Natamka Geuza."

Makofi yaliupasua uwanja. Bi Sikujua alikuwa ameitia mikono kwapani. Hakumtazama Mtukufu, alimtazama Mwamuzi Mkuu, mzee mwembamba aliyekaa kando ya kengele, kama anavyomtazama mzazi usoni badala ya kusikiliza kelele zake. Bado, alijiambia. Kifua cha mzee kikavuta hewa. Bado. Mabega yakapanda, mdomo ukafunguka nusu.

Sasa. Alipanda juu ya ndoo akainua karata.

"Lipo," alisema.

Waliokuwa karibu yake waliacha kupiga makofi kwa mshangao, na waliokuwa nyuma yao wakaacha kwa kuwa wa mbele wameacha, mpaka uwanja ukawa kimya na kengele haijalia. Mkono wa Mwamuzi Mkuu ulikuwa hewani na nyundo yake.

"Lipo nini?" aliuliza.

"Jibu. Umeuliza kama lipo. Lipo."

Mwamuzi Mkuu aliitazama nyundo, akamtazama Mtukufu, akaitazama tena nyundo. Alikuwa amekohoa kwa miaka kumi na tisa na hii ilikuwa mara ya kwanza kujibiwa. Aliweka nyundo chini.

"Zuio limepokewa," alisema kwa sauti ndogo.

Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Shomari Pambe, aliinuka akijifuta jasho. Wizara yake ilikuwa na wafanyakazi mia tatu na haikuwahi kupata kazi. Alifungua boksi, akatoa karata mpya kabisa iliyogandana na mwenziwe. "Serikali inazuia zuio," alisema, na watu wakashusha pumzi, kwa kuwa walijua kila raia ana karata moja na yule mama ameshaitumia.

"Mama," alisema Mwamuzi Mkuu, sasa akiwa ameanza kupata nguvu, "unajibu au unapisha?"

"Nafikiri," alisema Bi Sikujua.

"Unafikiri nini? Una karata nyingine?"

"Sina. Ndiyo maana nafikiri."

"Utafikiri kwa muda gani?"

"Kijitabu kinasema muda gani?"

Mwamuzi Mkuu alifungua kijitabu. Wote waliokuwa karibu waliiona midomo yake ikisoma kimya kimya, ikisimama, ikisoma upya. Alikifunga.

"Kadiri apendavyo," alisema.

Mtukufu aliinuka kwenye kiti chake. "Kamata," alisema, akimnyooshea kidole.

Kamishna wa Polisi alipiga saluti lakini hakusogea. "Mtukufu, naomba karata."

"Nimesema Kamata."

"Nimesikia, Mtukufu. Lakini zamu iko kwa mama. Haitamkiki." Akasogea karibu akanong'ona, ila kipaza sauti kilikuwa wazi: "Mtukufu, mimi cheo changu nilipewa kwa karata. Nikimshika mtu bila karata, basi na karata si kitu. Na karata ikiwa si kitu, mimi ni nani? Na wewe je?"

Swali hilo halikupata hata makofi. Bi Sikujua alishuka kwenye ndoo, akakaa juu yake. Baada ya muda aliuliza kama anaruhusiwa kufikiri akiwa kazini. Mwamuzi Mkuu alisema kanuni hazikatazi. Akachukua ndoo yake akaenda kazini.

Hivyo ndivyo Serikali ya Jamhuri ya Makofi ilivyosimama. Hakuna karata iliyoweza kutamkwa nchi nzima. Mawaziri waliokuwa wafukuzwe walibaki, na waliokuwa wateuliwe walishona suti bure. Hata kufuta ile kanuni ya kufikiri hakukuwezekana, kwa sababu kufuta nako kulihitaji karata. Ikulu iliunda kamati ya kutafuta njia, lakini kamati haikuweza kuzinduliwa.

Mfereji Mkavu watu walingoja waone njaa, vita na giza walivyoahidiwa Serikali ikilegea. Wiki ya kwanza hawakutoka sana. Wiki ya pili walikwenda kulitazama daraja lao lililokuwa na shimo kwa miaka saba. Kila walipotaka kuliziba, Serikali ilitamka Kataza mpaka mhandisi aje. Sasa Kataza haikutamkika. Wakaliziba kwa siku mbili. Wiki ya tatu walimu walirudi darasani, kwa kuwa hapakuwa na ziara ya kwenda kuipokea. Redio ya Taifa, ikikosa tamko la kusoma, ilianza kutangaza hali ya hewa, na siku moja ikapatia.

Kilichowatisha wakubwa si kwamba nchi imesimama. Kilichowatisha ni kwamba haikusimama.

Kila asubuhi Bwana Pazi alitumwa zahanati na daftari. "Mama, Serikali inauliza umefikia wapi."

"Niko katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya saa tatu na saa tatu," alisema Bi Sikujua, na Bwana Pazi akaandika, kwa kuwa aliagizwa aandike kila neno.

Walimletea viongozi wa dini wakamweleza fadhila za kupisha. Walimtumia mjumbe wa kumwahidi cheo, kisha mjumbe akakumbuka kwamba cheo kinahitaji karata, akaondoka bila kuaga. Mwisho Mheshimiwa Pambe alimjia mwenyewe akamuuliza ni kitu gani kitakachomfurahisha japo kidogo.

"Vitanda vyangu sita."

"Mama, Hamisha imeshakamilika. Kuvirudisha tunahitaji Hamisha nyingine, na wewe ndiye uliyeziba njia."

"Vina miguu na ninyi mna mikono," alisema Bi Sikujua. "Sijui karata inaingia wapi hapo."

Waziri alirudi kwake akiwa na mawazo. Siku ya tatu tangu hapo, saa kumi alasiri, lori lilisimama mbele ya zahanati. Mawaziri wawili, Mheshimiwa Pambe na mwenziwe wa Sherehe, walishuka wamekunja mikono ya mashati wakaanza kubeba vitanda, huku wakitazama nyuma kama wezi, maana walikuwa wanafanya jambo ambalo halikutamkwa. Wapiganaji wakongwe wa ukombozi waliokuwa wakipita walisema hawakumbuki kuiona Serikali ikibeba kitu na kukiingiza ndani.

Zawena alikuwa amekuja kusaidia kufua mashuka. Alimtazama Mheshimiwa Pambe akihangaika na kitanda mlangoni.

"Hicho cha tatu kiwekwe dirishani," alimwambia. "Penye hewa."

"Ni cha nani, mama?" aliuliza waziri, akihema.

"Ndicho ambacho ningelalia mimi."

Mheshimiwa Pambe alikiweka dirishani. Alibaki ameshika chuma chake kwa muda, kisha akasema samahani, kwa sauti ya mtu anayelitumia neno hilo mara ya kwanza na hana hakika na matamshi yake. Zawena alitandika shuka.

Siku ya arobaini na moja Mtukufu Makame Ngurumo alikuja peke yake. Alikuja asubuhi, bila msafara, kwa kuwa msafara ulitaka karata. Kwa karibu alikuwa mtu mdogo, mwenye miwani na viatu vyenye vumbi. Mwangalizi wa mlango hakumtambua, akampa namba kumi na mbili, naye akakaa kwenye benchi kati ya wanawake wenye mimba, akingoja. Wanawake walimtambua, wakaangaliana, wakaendelea kuzungumzia bei ya sabuni.

Ilipofika namba yake, Bi Sikujua alitoka akifuta mikono, akakaa pembeni yake kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," alisema Mtukufu, ingawa alimzidi umri.

"Marahaba. Unaumwa wapi?"

"Unajua nilichojia. Sema unachotaka."

"Nataka Geuza iondoke kwenye rundo."

"Karata iliyotamkwa haiondoki. Nikiiondoa mimi, kesho kila mtu atataka niondoe nyingine. Zipo nyingi, mama. Hata mimi sizijui zote." Alivua miwani akaifuta. "Pisha tu. Nakuapia zahanati haitaguswa."

"Hicho kiapo kina karata?"

Mtukufu alifikiri kwa uaminifu. "Hakina."

"Basi ni maneno kama yangu na yako."

Ndani mtoto alilia, akanyamazishwa. Mtukufu aliitazama miguu ya wanawake iliyovimba, imepangwa mstari mmoja kwenye sakafu, akaangalia kando.

"Nisaidie kitu kimoja," alisema hatimaye. "Nimekaa Ikulu siku arobaini na moja najiuliza. Mtu mmoja, hana karata, hana jeshi. Muda wote huo unafikiri nini?"

"Mimi?" alisema Bi Sikujua. "Nilimaliza siku ile ile uwanjani, hata sijashuka kwenye ndoo. Tangu hapo nawangoja ninyi muanze."

Mzazi aliita kutoka ndani, na Bi Sikujua akainuka akaenda. Mtukufu alibaki ameketi pale pale, namba yake mkononi. Mwanamke aliyekuwa kando yake, mimba ya miezi tisa, alimgusa bega akamwomba asogee kidogo. Naye akasogea.